Kim Yuna na hesabu ya kurudi barafuni

Desemba 2012, mji wa Dortmund, Ujerumani. NRW Trophy ni mashindano madogo ya kuteleza kwenye barafu, yale ambayo kwa kawaida watazamaji wake ni wazazi wa washiriki, makocha, na mashabiki wachache wasiokosa. Mwaka ule tiketi zilitafutwa kwa udi na uvumba. Kwenye orodha ya wanawake kulikuwa na jina la Kim Yuna wa Korea Kusini, bingwa wa Olimpiki, ambaye miezi michache nyuma jarida la Forbes lilikuwa limemtaja miongoni mwa wanawake kumi waliolipwa zaidi katika michezo yote duniani: takriban dola milioni 9 kwa mwaka.

Alikuja kutafuta pointi 28 na pointi 48.

Hizo ndizo alama za chini za ufundi zilizotakiwa na Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, ISU, ili mwanamke aruhusiwe kuingia Mashindano ya Dunia ya Machi 2013: 28 katika programu fupi, 48 katika programu ndefu, yaani miteremko miwili ambayo kila mshindani huicheza na alama zake kujumlishwa. Kim alikuwa amekaa miezi ishirini bila kushindana. Mialiko ya mfululizo wa Grand Prix wa msimu ule ilikuwa imempita. Kwa hiyo bingwa wa Olimpiki alipanga foleni na mabinti ambao wengi wao walianza kuteleza wakimtazama yeye kwenye televisheni. Ukijumlisha ufundi na sanaa, alipata 72.27 na 129.34, jumla 201.61, akarudi zake Seoul.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya moyo. Sibishi, moyo ulikuwepo. Lakini mimi nimekuwa nikikisoma kama mtu anayepitia daftari la duka, na naona ndani yake somo adimu la jinsi fedha inavyoingia na kutoka katika mchezo huu, na kwa nini uamuzi wa kurudi mashindanoni ni mzito kwa yule aliyekwisha kushinda kuliko kwa yule ambaye hajapata kitu.

Mashindano hayalipi

Tuanze na zawadi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haimlipi mshindi hata senti. Medali ya dhahabu aliyoivaa Kim pale Vancouver Februari 2010, baada ya kupata pointi 228.56 ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuzikaribia, kwa upande wa Kamati hiyo ilikuja mikono mitupu. ISU hulipa katika mashindano yake yenyewe: kwenye Grand Prix mshindi wa kila mkondo alipata dola 18,000, wa fainali dola 25,000, na bingwa wa dunia wa wakati ule dola 45,000.

Linganisha na watu tunaowajua. Aprili 2012 Sharon Cherop wa Kenya alishinda mbio za marathoni za Boston na zawadi ya kwanza ilikuwa dola 150,000, kwa asubuhi moja ya kukimbia saa mbili na nusu. Mtelezaji wa barafu angehitaji kuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo na bado hajaifikia. Na kumbuka mkimbiaji gharama zake kubwa ni chakula, safari na kambi. Mtelezaji hulipia barafu yenyewe. Kila saa ya mazoezi ina bei, kwa sababu mitambo ya kugandisha sakafu inakula umeme usiku na mchana. Analipia kocha, mbunifu wa miondoko, mkato wa muziki, nguo za kushonwa kwa mkono, fizio, na viatu. Viatu ni mada peke yake: ngozi ngumu inayobana kifundo cha mguu kama bandeji ya plasta, na chuma chake chini kinachonunuliwa kando, jozi kamili ya daraja la juu ikizidi dola 1,000. Ngozi ikilegea kifundoni, mruko wa mizunguko mitatu unakuwa kamari. Kim mwenyewe alipokuwa kijana mdogo nusura auache mchezo kwa sababu ya viatu visivyomkaa.

Korea Kusini nayo haikuwa nchi ya mchezo huu. Ilikuwa na mabingwa wa mbio fupi za barafuni, lakini wa kuteleza kwa sanaa hapana. Viwanja vilikuwa vichache na vya kugawana: mchana umma unateleza, jioni timu za mbio, na mwenye ndoto ya Olimpiki anapata saa zilizobaki. Mama yake, Park Mi-hee, ndiye aliyekuwa dereva, meneja, mhasibu na mlinzi. Ukitaka kujua mtaji wa kwanza wa kampuni hii ulitoka wapi, jibu ni familia ya kawaida huko Gunpo, kusini mwa Seoul, iliyojibana.

Serikali ya Korea ina utaratibu wake wa kuwatunza washindi. Medali zina pointi, pointi zinageuka pensheni ya kila mwezi ya maisha, na pensheni hiyo ina kikomo: won milioni 1 kwa mwezi, kama dola 900 kwa viwango vya wakati ule. Ni heshima nzuri, lakini Seoul huwezi kuishi kifahari kwayo.

Basi hizo milioni zilitoka wapi?

Binti wa barafu anauza kiyoyozi

Zilitoka kwenye matangazo, kisha kwenye maonyesho. Benki ya Kookmin ilimchukua mapema, kabla ya Vancouver, na ikakaa naye. Hyundai walikuwepo, Nike walikuwepo, kampuni ya maziwa ya Maeil ilikuwepo. Samsung ilimtumia kuuza viyoyozi (na kusema kweli, nani mwingine wa kuuza baridi kama si yeye), halafu mwaka 2009 ikatoa simu ya mkononi yenye jina lake. Ilikuwepo hata mikate iliyopewa jina lake. Kampuni ya vito ya J.Estina ilimvisha hereni ndogo zenye umbo la taji, naye akazivaa akiwa mashindanoni, na hapo kila mara kamera ilipomkaribia akisubiri alama zake, pembeni ya shavu kulikuwa na tangazo lisilohitaji maneno.

Hizo hereni zinaeleza biashara nzima. Kampuni hailipii mruko. Inalipia dakika zile ambazo nchi nzima imeshika pumzi mbele ya televisheni, uso mmoja ukiwa katikati. Mashindano ni shamba, jina ndilo zao, na soko la zao hilo liko mbali na shamba. Forbes ilikadiria mapato yake kuwa dola milioni 9.7 mwaka 2010 na milioni 10 mwaka 2011. Weka zawadi zote za ISU kwenye mzani wa upande wa pili, hazifiki asilimia 2.

Maonyesho ya barafu ni mkondo wa pili. Aprili 2010, miezi miwili baada ya dhahabu, mama yake aliachana na wakala waliyekuwa naye na kufungua kampuni ya familia, All That Sports. Majira ya joto yaleyale kampuni hiyo ikaanza kuandaa maonyesho yake, All That Skate. Hapa ndipo akili ya kibiashara ya nyumba ile inaonekana. Mtelezaji mwingine nyota hualikwa kwenye onyesho la mtu, analipwa ujira wa jioni, anapanda ndege. Kim alikuwa mwenye onyesho: kampuni ya kwao ilikodi ukumbi, ilialika mabingwa wa nchi nyingine na kuwalipa wao ujira, iliuza tiketi, ilitafuta wadhamini wa ukumbini, na iliuza haki za televisheni. Ikifaulu, faida inabaki nyumbani. Ikianguka, hasara nayo inabaki nyumbani. Oktoba mwaka huohuo walilipeleka onyesho hadi Los Angeles, Michelle Kwan, bingwa wa dunia mara tano wa Marekani, akiwa mmoja wa walioteleza.

Onyesho, hata hivyo, lina udanganyifu wake wa taratibu kwa mwili wa mwanamichezo. Taa huzimwa, mwanga mmoja unakufuata, barafu mara nyingi ni ndogo kuliko ya mashindano, na hakuna anayehesabu mizunguko. Mtelezaji akiruka miwili badala ya mitatu watu wanashangilia vilevile. Programu ndefu ya wanawake wa wakati ule ilikuwa dakika nne zenye nafasi saba za miruko, na miruko ya nusu ya pili ilipewa nyongeza ya asilimia 10 kwa sababu hapo ndipo mapafu yanapowaka moto. Mapafu hayo hayajengwi na maonyesho. Msimu mmoja wa maonyesho matupu, na yule bingwa uliyemjua anabaki kwenye mabango.

Mlango ambao zamani ulifungwa

Kabla ya kufika kwenye uamuzi wake, kuna jambo la sheria ambalo bila hilo kisa hiki kisingekuwepo. Kwa miongo mingi, fedha na Olimpiki havikukaa chungu kimoja. Sonja Henie wa Norway alishinda dhahabu tatu, 1928, 1932 na 1936, kisha akaenda Marekani kwenye maonyesho na sinema, akatajirika, na ndio ukawa mwisho wake wa mashindano ya ridhaa. Ulichagua, na ukishachagua hukurudi.

Mlango ulifunguliwa kwa muda kuelekea Olimpiki ya Lillehammer 1994, pale waliokwisha kuwa wa kulipwa waliporuhusiwa kuomba kurejeshwa. Wakarudi watu wa majina makubwa. Matokeo yao yanafaa kukumbukwa na kila anayefikiria kurudi: Katarina Witt, mwenye dhahabu mbili, alimaliza wa saba; Brian Boitano wa sita; Viktor Petrenko wa nne; Torvill na Dean, wawili wa dansi ya barafuni kutoka Uingereza, wakapata shaba. Gordeeva na Grinkov wa Urusi, wanaoteleza wawili wawili, peke yao walitwaa dhahabu, nao hawakuwa wameondoka kwa miaka mingi.

Enzi za Kim mpaka huo ulikuwa umefutika. Unaweza kuuza kiyoyozi asubuhi na kushindana jioni. Ila kilibaki kigingi kimoja: mtelezaji anayeshiriki maonyesho bila kibali cha shirikisho lake na ISU alikuwa anaweza kupoteza sifa ya kushindana. Yevgeni Plushenko wa Urusi, ambaye naye alistaafu, akarudi, na kupata medali ya fedha Vancouver, aliangukia hapo mwaka 2010. ISU ilimvua sifa kwa maonyesho yasiyo na kibali, akarejeshwa mwaka uliofuata. (Sheria hizo zilikuja kubanwa baadaye sana kutokana na malalamiko ya Waholanzi wawili wa mbio za barafuni, Tume ya Ulaya ilitoa uamuzi dhidi ya ISU mwaka 2017, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ikauunga mkono uamuzi huo Desemba 2023.)

Kwa Kim maana yake ilikuwa hii: alipokaa pembeni msimu wa 2011–2012, hakufunga mlango. Aliurudisha tu.

Mwaka wa kukaa pembeni

Alikuwa na sababu za kuondoka moja kwa moja. Agosti 2010 aliachana hadharani na kocha Brian Orser wa Toronto, na maneno yalirushwa pande zote mbili. Alihamia Los Angeles kwa Peter Oppegard. Mashindano ya Dunia ya 2011 yaliyokuwa yafanyike Tokyo yalihamishiwa Moscow baada ya tetemeko na tsunami ya Machi. Akaenda bila kuwa ameshindana hata mara moja msimu ule, akapata medali ya fedha nyuma ya Miki Ando wa Japani. Jukwaani alilia. Zawadi yake ya dola 27,000 aliitoa kupitia UNICEF kwa watoto wa Japani waliokumbwa na janga. Kwa mtu wa mapato yale, zawadi ya nafasi ya pili duniani ilikuwa fedha ya kutoa sadaka. Sioni sentensi nyingine inayoeleza vizuri zaidi mahali pa zawadi katika uchumi wa nyota wa barafuni.

Julai 2011 alikuwa Durban, Afrika Kusini, amevaa suti nyeusi badala ya nguo za kumetameta, akiwashawishi wajumbe wa Kamati ya Olimpiki waipe Pyeongchang michezo ya 2018. Pyeongchang ilipata kura 63, Munich 25, Annecy 7. Alikuwa na miaka 20, na wakubwa wa nchi yake walikuwa wamegundua kuwa jina lake linauza hata mji mzima.

Ukikaa hapo, hesabu ya kustaafu inavutia. Una dhahabu. Rekodi ni yako. Benki, maziwa na simu vinaendelea kulipa. Hakuna jaji anayeweza kukushusha tena. Mei 2012 alikuwa darasani katika shule moja ya sekondari ya wasichana ya Seoul, akifanya mazoezi ya kufundisha kama mwanafunzi wa elimu ya michezo wa Chuo Kikuu cha Korea. Maisha ya kawaida yalikuwa yameanza kubisha hodi.

Sasa tazama upande wa pili. Jina la mwanamichezo ni kama barafu yenyewe, linahitaji umeme usizimike. Mwaka wa kwanza baada ya dhahabu, kila kampuni inakutaka. Wa pili, mikataba iliyopo inaendelea. Wa tatu, mkurugenzi wa masoko anaanza kuuliza nani atashinda Olimpiki ijayo. Makadirio ya Forbes ya 2012, yanayogusa hasa kipindi alichokaa pembeni, yalishuka hadi milioni 9. Kushuka kudogo tu, lakini kushuka. Angeweza kuishi nako. Wengi wanaishi na kushuka kwa namna hiyo, polepole, kwa raha, hadi siku tangazo linapochukuliwa na mwingine.

Na akirudi akashindwa? Mtelezaji asiye na jina akianguka mara tatu, anapoteza nafasi. Bingwa akianguka mara tatu, anapoteza picha. Vancouver ilikuwa dakika nne bila doa, na kila mdhamini alikuwa amenunua zile dakika nne. Kurudi kulimaanisha kuuweka mtaji wote mezani mbele ya majaji tisa, akiwa na miaka 22, mgongo uliowahi kusumbua, na kundi la Warusi wadogo wakikua nyuma yake.

Tarehe 2 Julai 2012, katika kituo cha timu ya taifa cha Taereung, alisema atashindana hadi Olimpiki ya Sochi 2014 kisha basi. Alieleza kwamba matarajio ya watu yalikuwa yamemlemea baada ya Vancouver, kwamba kufanya mazoezi na wadogo zake wa Korea kulimpa nguvu mpya, na kwamba baada ya Sochi angependa kuwania nafasi katika Kamati ya Olimpiki kama mwakilishi wa wanamichezo.

Alivyoupunguza mzigo

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ukiondoa machozi na muziki, alichofanya ni kupunguza hatari kila alipoweza.

Aliweka tarehe ya mwisho. Kurudi kusiko na mwisho kunamfanya kila mdhamini na kila shabiki aulize "hadi lini?", kurudi kwa miezi ishirini kunageuka kuwa msimu wa kuaga, na msimu wa kuaga una thamani yake hata ukipoteza. Alirudi nyumbani pia: badala ya Toronto au Los Angeles, alichukua makocha Wakorea waliomfundisha utotoni, Shin Hea-sook na Ryu Jong-hyun. Gharama chini, upweke chini, na picha ya binti anayefanya mazoezi Taereung na wadogo zake ikawa tangazo bora kuliko lolote lililorekodiwa studio. Alianzia chini, Dortmund, ambako kuteleza vibaya kusingekuwa habari ya wiki nzima. Na alisema tangu mwanzo kwamba hashindani na Kim wa 2010, jambo lililowapunguzia watu njaa ya rekodi.

Hoja ya Kamati ya Olimpiki nayo ilikuwa na hesabu ndani yake, ingawa si ya fedha. Mgombea wa nafasi ya wanamichezo anatakiwa awe ameshiriki michezo ya karibuni. Bila Sochi, Pyeongchang 2018 angekuwa ameshapitwa. Hesabu hii haikutimia: Korea Kusini ilipata kiti hicho Rio 2016 kupitia Ryu Seung-min wa tenisi ya meza, na mlango wa Kim ukafungwa bila yeye kukosea popote.

Kilichotimia ni Machi 2013, mji wa London, jimbo la Ontario, Kanada. Programu fupi ilimpa 69.97, majaji wa ufundi wakitilia shaka ukingo wa chuma alioutumia kwenye mruko mmoja. Programu ndefu 148.34. Jumla 218.31, Carolina Kostner wa Italia akiwa wa pili kwa 197.89. Pengo la pointi zaidi ya 20 katika mchezo ambao medali huamuliwa kwa pointi moja. Kwaya ya mji huo iliimba wimbo wa taifa wa Korea, kwa Kikorea, moja kwa moja ukumbini.

Na kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee wa nchi yake, ushindi wake uliipa Korea nafasi tatu za wanawake Sochi. Kim Hae-jin na Park So-youn, mabinti waliokuwa wakifanya mazoezi naye Taereung, walikwenda Olimpiki kwa tiketi aliyoikata yeye. Weka thamani yoyote unayotaka hapo. Kwenye daftari langu sina safu ya kuandika kitu cha namna hiyo, lakini nisipokitaja kisa kinakuwa cha uongo.

Forbes ya 2013: takriban dola milioni 14.

Sitaki kudai kwamba milioni 5 za ziada zililetwa na dakika nne za Ontario pekee. Mikataba ina ratiba zake na makadirio ya jarida ni makadirio. Lakini mwelekeo unasomeka. Umeme ulikuwa umerudishwa.

Sochi, na fedha iliyolipa kama dhahabu

Msimu wa mwisho ulianza vibaya. Mguu wa kulia uliumia mifupa ya wayo, akaikosa Grand Prix yote. Desemba 2013 akaenda tena kwenye mashindano madogo, safari hii Zagreb, akapata 204.49. Kisha Februari 2014, Sochi: 74.92 na 144.19, jumla 219.11, hakuanguka hata mara moja. Adelina Sotnikova wa Urusi, aliyekuwa nyumbani, alipata 224.59.

Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Ombi la mtandaoni la kutaka uamuzi uchunguzwe lilitiwa saini na zaidi ya watu milioni 1.5, shirikisho la Korea lililalamika kwa ISU, malalamiko yakatupwa. Kim mwenyewe hakugombana na mtu. Aliinama, akapokea maua, akaondoka.

Kibiashara, hapo pana jambo ambalo hakuna mshauri angeweza kulipanga. Angeshindwa kwa kuanguka, ingekuwa ile hofu ya mwanzo imetimia. Alishindwa akiwa amesimama, mbele ya taifa lililoamini kuwa kaibiwa, naye akanyamaza kwa heshima. Thamani ya jina lake haikupungua hata chembe. Forbes ya Agosti 2014 ilikadiria dola milioni 16.3, nafasi ya nne duniani kati ya wanamichezo wanawake, nyuma ya wacheza tenisi watatu: Sharapova, Li Na na Serena Williams.

Si kila anayerudi anakutana na upepo huo. Mao Asada, mpinzani wake wa miaka yote, alipumzika baada ya Sochi akarudi 2015. Alishinda mkondo wa Grand Prix wa China msimu huo, akawa wa saba duniani 2016, na Desemba 2016 akamaliza wa kumi na mbili katika mashindano ya taifa ya Japani. Aprili 2017 alistaafu. Wajapani hawakumwacha, maonyesho yake ya kuwashukuru mashabiki yalizunguka nchi kwa miaka mitatu. Lakini Asada alirudi bila tarehe ya mwisho, na mwisho ukamchagulia yeye. Alysa Liu wa Marekani alifanya kinyume cha wote: alistaafu 2022 akiwa na miaka 16, kabla jina halijawa mtaji mkubwa wa kulinda, akarudi 2024 kwa sababu alikuwa ameanza tena kupenda kuteleza, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston kwa pointi 222.97, Mmarekani wa kwanza wa kike tangu 2006. Asiyekuwa na cha kupoteza huteleza kwa namna nyingine. Tazama magoti yake, yamelegea.

Kim alikuwa na kila kitu cha kupoteza, na magoti yake Ontario yalikuwa yamelegea vilevile. Nadhani fedha ilichangia hilo, kwa njia ambayo watu hawaisemi: alikuwa nayo ya kutosha kiasi kwamba hakuna mkataba uliotegemea matokeo ya wiki ile. Anayerudi kwa sababu pango limemshinda anaruka na mwenye nyumba mgongoni.

Mei 2014 aliaga kwa maonyesho ya siku tatu katika ukumbi wa Bustani ya Olimpiki, Seoul. Yalikuwa All That Skate, ya kampuni ya mama yake. Wale mabinti wawili wa Sochi, Hae-jin na So-youn, waliteleza pamoja naye.